Kifua cha Robota la Pamba

Jumapili kanisani aliitwa Kristofa. Siku za ngoma aliitwa Ngassa, manju, mwimbaji kiongozi, wa kundi la ngoma la Wagika wa Mwamapalala, na hapo usimwite Kristofa kama unampenda. Mwili wake haukuwa wa kutisha, miguu myembamba tu kama ya korongo, lakini akifungua kinywa, mtu aliyeko ng'ambo ya mto alisimamisha jembe asikilize. Majivuno alikuwa nayo, tena mengi. Manju asiye na majivuno ni mlevi tu anayepigia watu kelele.

Wimbo uliompa jina Itilima nzima aliutunga kwa mzaha, siku moja alipokuwa anapakia pamba kwenye lori na askari mmoja akapita na bunduki begani. Ulikwenda hivi:

*Afande, tunza risasi zako,*
*kauze ukanunulie watoto chumvi.*
*Kifua changu robota la pamba,*
*risasi ikiingia inalala usingizi.*

Basi watu wakaupenda, wakaanza kuulizana: huyu manju kachanjwa dawa ya risasi nini? Naam, alikuwa amechanjwa. Fumu Mboje, mganga wa kijiji, alimchanja chale kifuani, akazipaka majivu, akala mbuzi aliyelipwa. Ngassa aliona ni vizuri manju awe na kitu cha kuonyesha akifungua shati, kama vile mwingine anavyonunua miwani ya jua. Dawa yenyewe hakuiamini hata kidogo. Lakini mtu akimwuliza kama ni ya kweli, alicheka. Kucheka si kusema uongo, alijiambia.

Aliyekuwa hacheki ni mdogo wake, Mwandu. Mwandu alikuwa sungusungu, kijana wa kwanza kutoka nje yowe la wezi wa ng'ombe linapolia, upinde mkononi na viatu vya matairi miguuni. Na siku hizi wezi wamekuwa watu wabaya, wanakuja na bunduki. Wakiwa wanakamua ng'ombe asubuhi moja, Mwandu alimwuliza kaka yake, "Kaka, ile dawa ya fumu ni ya kweli?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona ni ya kweli."

"Basi," alisema Ngassa, akaendelea kukamua. Hilo ndilo jibu alilompa mtoto wa mama yake, anayekwenda porini kukimbizana na watu wenye bunduki. Basi!

Sasa ikafika siku ya mashindano. Pamba imeshauzwa, watu wana vijisenti na wana hamu ya vumbi. Ngoma za kwetu hazina majaji wa kukaa mezani na kalamu. Wagika wanacheza upande huu wa uwanja wa mnada, Wagalu wanacheza upande ule, kwa wakati mmoja, na watazamaji wenyewe ndio hukumu. Wakikuona mtamu wanakuja kwako. Wakikuchoka wanakuhama mbele ya macho yako, wanamkimbilia adui yako, na wewe unabaki kupigia ngoma mbwa na wauza karanga. Jioni, mwenye watu wengi ndiye anayeondoka na fahali.

Fahali wa mwaka huo alifungwa katikati ya uwanja kwenye mti wa mkwaju. Mweusi tii, nundu imelala upande kwa uzito. Kulinda amani alikuwepo polisi kata, Mkaguzi Msaidizi Jenifer, binti wa Lamadi, Msukuma mwenzetu, mwembamba, bastola kiunoni. Siku hiyo alipewa na gari kutoka Bariadi, na dereva ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kula mahindi ya kuchoma. Jenifer aliusikia ule wimbo wa risasi ukiimbwa, akatikisa kichwa na kucheka kidogo. Angefanya nini? Utani ni utani.

Ngassa alikuwa anashindwa. Tuseme ukweli. Kwandu, manju wa Wagalu, alikuwa amekuja na jambo jipya. Mchezaji wake mmoja amevaa ngozi ya fisi, ngozi mbichi ya fisi aliyeuawa juzi juzi, bado inanuka. Anatambaa, anachechemea, anacheka kicheko cha fisi, mpaka akina mama wanapiga kelele kwa raha na hofu. Watu walikuwa wanavuka uwanja makundi kwa makundi.

"Imba, baba Esteria," alisema Milembe, mke wake, aliyekuwa akiongoza waitikiaji. "Usitazame kule."

"Natazama watu wangu wanavyonitoroka."

"Watarudi. Imba wewe."

Yule mvaa ngozi, kiburi kikampanda. Akaona haitoshi kuchekea kwao. Akaamua avuke uwanja aje awacheke Wagika nyumbani kwao, na njia yake ikapita karibu na mkwaju. Jamani, ng'ombe hajui mashindano. Ng'ombe anajua harufu. Fahali alipoinusa ile ngozi akapiga mzunguko mmoja, kamba ikakatika kama uzi wa kushonea, na yule fisi wa kujitengenezea akavua ngozi akaitupa, akatimua mbio kwa miguu yake miwili aliyopewa na Mungu. Fahali akainamisha kichwa, akaja moja kwa moja upande wa Wagika, walipokuwa wameketi wanawake chini na watoto wao. Mbele kabisa alikuwa bibi Nyanjige, ambaye kuinuka kwake tu ni safari.

Jenifer ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia akasimama kati ya bibi na fahali, akachomoa bastola, akapiga. Paa! Fahali hakutikisa hata sikio. Akapiga tena, ikaonekana vumbi likiruka kwenye bega la mnyama, na mnyama anakuja tu. Akapiga ya tatu huku anaangushwa, mkono umekwenda hewani. Fahali akampita juu, akaikanyaga ngoma kubwa ikapasuka, akazunguka, akahema, na harufu ya fisi ilipomwisha puani akasimama mwenyewe. Vijana wakamtupia kamba za pembe, wakamrudisha mkwajuni. Milembe alikuwa ameshamvuta bibi Nyanjige kwa kanga zake. Hakuna aliyekufa. Uwanja mzima ukapumua kwa pamoja, halafu ukaangua kicheko.

"Afande, hiyo bastola ni ya kuulia nzi!"

"Mpe manati!"

Na kweli, fahali alikuwa amesimama pale pale anatafuna majani ya mkwaju, na matone mawili matatu ya damu kwenye manyoya meusi. Ungesema kaumwa na mbung'o.

Ngassa hakucheka. Mlio wa tatu ulipotoka, yeye alikuwa ameinua mikono kuwazuia watu wake wasikanyagane, na mtu akampiga kiwiko cha ubavu, upande wa kulia, chini ya kwapa. Aligeuka amkaripie. "Nani ananisukuma?" Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akajitazama. Kwenye shati jeupe palikuwa na kitundu, kidogo, kama kile funza anachotoboa kwenye tumba la pamba. Akafungua vifungo. Kitundu kile kile kilikuwa kwenye ngozi yake, karibu kabisa na chale za fumu Mboje, na tone moja la damu lililokuwa linafikiria kushuka.

Akangoja aanguke. Si ndivyo inavyokuwa? Mtu akipigwa risasi anarushwa nyuma, anapiga ukelele, anakufa. Tumeona wote kwenye video. Alingoja hivyo, mdomo wazi, na hakuanguka. Magoti yalikuwa imara. Hakuna hata maumivu ya maana, joto tu, kama mtu amekaa karibu na jiko.

Mwandu alikuwa amesimama mbele yake, macho yamemtoka. Alikinyooshea kidole kile kitundu. Kisha akapiga yowe ambalo watu wa Mwamapalala hawatalisahau: "Imemwingia! Risasi imemwingia manju na hajaanguka!"

Hata wauza karanga waliacha vikapu vyao. Halafu ng'ambo kule, mtu mmoja akaanza kukimbia kuja, wakafuata kumi, wakafuata wote. Wote! Wagalu wenyewe walitupa marungu yao ya kuchezea wakaja. Kwandu alibaki na wapiga ngoma wake, mikono imening'inia. Watu walipanda juu ya baiskeli, juu ya mabega, waone kifua. Wanawake walipiga vigelegele huku wanalia. Mzee mmoja alipiga magoti.

Na Ngassa, ambaye alijua kuwa dawa ile ni mbuzi aliyeliwa bure, aliamini. Niseme nini? Aliamini kwa moyo wake wote. Mtu ukijiona umesimama na tundu la risasi ubavuni na watu elfu wanataja jina lako, hata wewe ungeamini. Alitetemeka kwa furaha na kwa woga pamoja. Kumbe ni kweli, alijiambia. Kumbe miaka yote hii nilikuwa naimba kweli, mjinga mimi, na nilidhani natania.

Akakamata kipaza sauti. "Afande, tunza risasi zako," akaimba, na uwanja ukamwitikia mpaka mabati ya maduka yakalia.

Afande mwenyewe alikuwa anajipenyeza kwenye umati, kofia imepotea, uso umejaa vumbi, damu inamtoka kwenye kiwiko. Alimfikia, akamshika mkono.

"Bhabha, kaa chini," alisema. "Kaa chini tafadhali. Nimekupiga."

"Unaniona nimekufa?" alisema Ngassa kwenye kipaza sauti, na watu wakavunjika mbavu.

"Twende hospitali. Gari lipo. Twende sasa hivi."

"Mayu, mama yangu wee, umeshindwa kumwangusha ng'ombe, utaniangusha mimi?"

Kicheko kile kingeweza kusikika Kiloleli. Vijana wakamsukuma Jenifer nje, si kwa ubaya, kwa raha tu, wanampitisha mkono kwa mkono kama gunia. Alikuwa anapiga kelele kitu, akinyooshea kidole ubavu wa manju, na hakuna aliyesikia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ngassa akacheza. Lo, alicheza! Akazunguka duara, akapiga mguu, akafungua shati lote. Mara akaona ajabu kwamba pumzi inamfupikia. Vumbi, alijiambia. Akaimba ubeti wa pili, na pale penye kupanda, pale ambapo sauti yake huwa inakwenda juu na kukaa huko, sauti haikwenda. Ilikatika kama bomba la maji. Akakohoa. Watu hawakuona kitu, wakapanda wao wenyewe badala yake.

Milembe aliona. Mwanamke aliyeitikia wimbo wa mumewe tangu wakiwa wachumba anajua kila kipande cha koo lake. Aliacha mstari wa waitikiaji, akaja mpaka mbele yake, akamtazama midomo.

"Sauti yako imekwenda wapi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani? Mdomo wako umekuwa wa bluu, baba Esteria. Umekohoa nini hicho?"

Alijifuta kwa kiganja. Kilikuwa na povu, na povu lilikuwa jekundu jekundu, kama la nyanya. Akakifuta haraka kwenye suruali.

"Niache. Huoni watu walivyo?"

"Nawaona. Mficha maradhi kifo humuumbua. Twende kwa yule binti."

"Nikiondoka watarudi kwa Kwandu."

"Waende!" alifoka Milembe. "Waende kwa Kwandu, waende Mwanza, waende kuzimu! Wewe twende!"

Lakini Mwandu alikuwa ameshaingia kati yao, machozi ya furaha yakimtiririka. "Shemeji, usimvunje. Akipanda gari la polisi tu, dawa imevunjika. Mwache amalize." Na vijana wa sungusungu walikuwa nyuma yake, wameshikana mikono, wamefanya ukuta. Kwa mapenzi, jamani. Ukuta ule ulijengwa kwa mapenzi matupu.

Ngassa akainua kipaza sauti tena. Hapo ndipo aliposikia kimya kinakuja kutoka upande wa mkwaju, kinasogea kwa watu safu kwa safu, kila safu ikigeuka kutazama. Naye akageuka.

Fahali alikuwa ameacha kutafuna. Miguu ya mbele ilikuwa imetanuka, kichwa kimeshuka, na puani mwake palikuwa na povu. Jekundu jekundu. Alikohoa, kikohozi kizito cha mzee. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyempiga. Akapiga goti moja, akapiga la pili, kama anayetaka kulala tu baada ya malisho. Halafu lile jumba lote la nyama likaenda ubavu, mkwaju ukatikisika, na mguu mmoja wa nyuma ukapiga teke hewani mara moja ukatulia.

Ngassa alitazama puani mwa fahali. Alitazama suruali yake mahali alipofuta kiganja. Ee Mungu wangu! Ile furaha yote ilimtoka mara moja, na mahali pake pakaingia baridi iliyoanzia vidoleni. Kilichompata fahali kilikuwa kimempata naye. Tofauti yao ilikuwa kwamba yeye alikuwa bado anacheza.

Wa kwanza kusema alikuwa fumu Mboje, kutoka mahali alipoketi kwenye kigoda chake. "Ng'ombe hakuchanjwa!" alisema kwa sauti. "Ng'ombe ni ng'ombe! Manju kachanjwa!" Na watu, Mungu awasamehe, walishusha pumzi. Eee, kweli, ng'ombe hakuchanjwa. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Ngoma ikataka kuanza upya.

"Imba, kaka," alinong'ona Mwandu. "Waonyeshe."

Hapo Ngassa alielewa kwamba watamwua kwa kumshangilia. Ukuta ule usingefunguka kwa nguvu, kwa sababu nguvu hana, wala kwa machozi ya Milembe. Ungefunguka kwa kitu kimoja, nacho kingelifuta jina la Ngassa Itilima nzima, mbele ya Kwandu, mbele ya wakwe, mbele ya watoto wake. Alisimama pale akihema kama samaki. Niamini, alisita. Mtu unaweza kufa ukiwa unasita hivyo hivyo.

Akaleta kipaza sauti mdomoni. "Nimepigwa," alisema. Haikutoka sauti ya manju, ilitoka sauti ya mtu yeyote. "Imeniingia kama ilivyomwingia ng'ombe. Dawa ni uongo. Wimbo ni uongo. Nipisheni nisife."

Kipaza sauti kikamponyoka, kikapiga mlio mbaya chini. Mikono ya vijana ikaachana. Mwandu alimtazama kaka yake kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake kanisani, akarudi nyuma hatua, akarudi tena. Aliyekuja mbele, huwezi kuamini, alikuwa Kwandu. Alipasua watu kwa mabega yake mapana, akamnyanyua adui yake mikononi kama mtoto, akamkimbiza garini. "Pisha!" alikuwa anapiga kelele. "Pisheni, nyie washenzi, pisheni!"

Garini Jenifer alipanda nyuma pamoja nao. Alichana nailoni ya pakiti ya biskuti ya dereva, akaibana juu ya kile kitundu kwa kiganja hewa isiingie, akaegemea kwa uzito wake wote, na barabara ya Bariadi ikaanza kuwarusha. Alikuwa analia bila kujifuta. Milembe alikishika kichwa cha mumewe mapajani.

"Mbona sikuanguka?" aliuliza Ngassa. Ndilo lililokuwa linamkera kuliko kifo chenyewe.

"Usiongee, bhabha."

"Niambie."

"Watu hawaanguki," alisema Jenifer. "Wanaanguka kwenye sinema. Risasi ya bastola ni ndogo, inatoboa tu. Isipompata mtu kichwani au kwenye uti wa mgongo, mwingine anakimbia, mwingine anapigana, mwingine hajui hata kama kapigwa. Ni damu ndiyo inayomwangusha, ikishaisha, au pumzi. Chuoni mwalimu wetu alikuwa anatuambia, usimpige mtu halafu ukasimama kungoja aanguke, utangoja mpaka akufikie." Akavuta kamasi. "Hata mimi nilipokuona umesimama nilimshukuru Mungu, nikasema nimekukosa. Halafu nikaona tundu."

"Umemwokoa bibi Nyanjige," alisema Milembe. Hakusema zaidi. Aliyekuwa mapajani mwake alikuwa mumewe.

Hospitali walimtoboa ubavuni, wakamwekea mpira, na mpira ukashuka mpaka kwenye chupa kubwa chini ya kitanda, damu ikawa inaingia humo na mapovu yanapanda kila anapovuta pumzi. Risasi yenyewe hawakuitoa. Imekaa karibu na uti wa mgongo, alisema daktari, kuifuata ni hatari kuliko kuiacha. Tuiache ilale. Ngassa alipolisikia neno hilo alifumba macho. Kuhusu sauti, daktari alisema tungoje tuone. Kwa sasa ilikuwa mnong'ono tu, wa mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Mwandu alichelewa kuja kumwona. Alipokuja alikuwa amevaa viatu vyake vya matairi na upinde ameuacha kwa mlinzi getini.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila. Nyumbani?"

"Mhola tu." Alisimama, hakukaa. Alikuwa na haraka na alikuwa na furaha iliyofichwa, kama anayesubiri kutoa zawadi. "Fumu ameeleza yote. Dawa ilikushika vizuri kabisa. Uliivunja mwenyewe ulipotamka. Usingetamka, ungemaliza ngoma ukaenda nyumbani ukala ugali. Kila mtu anajua sasa. Watu waliona kwa macho yao!" Akafungua shati. Kifuani palikuwa na chale mbichi, mistari miwili miwili, majivu yakiwa bado yameshikamana na damu. "Tumechanjwa vijana wote wa sungusungu. Wale wezi wameonekana upande wa Meatu, na ng'ombe wa mzee Januarius. Tunawafuata leo. Safari hii hatujifichi nyuma ya miti, kaka. Tunawaendea wazi wazi, kwa miguu yetu."

Ngassa alifungua kinywa apige kelele. Sauti ile iliyosimamisha majembe ng'ambo ya mto, aliyoitumia kwa sifa maisha yake yote, aliitafuta sasa kwa jambo moja la maana na hakuipata. Ilitoka hewa. Kwenye chupa mapovu yalipanda kwa fujo. Akakipiga kitanda kwa kiganja, paa, paa, mpaka Milembe akaelewa, akainama, akaliinua shuka.

"Itazame," alisema Milembe. "Chupa hiyo, Mwandu. Itazame vizuri."

Mwandu alitazama. Chupa ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.

"Hiyo ni ya leo tu," alisema Milembe. "Ya jana wameimwaga. Na ya juzi."

Mwandu aliutazama ule mpira, akaufuata kwa macho kutoka kwenye chupa mpaka ubavuni mwa kaka yake, akarudi kwenye chupa. Kidole chake kilikuwa kimeanza kupapasa chale zake mwenyewe, bila yeye kujua. Nje, vijana wenzake walikuwa wanapiga filimbi kumwita. Alitikisa kichwa, kama mtu anayefukuza nzi.

"Lakini nilikuona," alisema. Alikuwa karibu kulia. "Ilikuingia mbele ya macho yangu, kaka. Ukacheza, ukaimba. Kama dawa ni uongo, mbona hukuanguka?"

Ngassa alimwashiria ainame. Mwandu akainama mpaka sikio lake likagusa midomo ya kaka yake, na filimbi huko nje zikalia tena. Ngassa akavuta pumzi yote iliyokuwa imebaki upande mmoja.

"Hata fahali," alinong'ona, "alikula majani kwanza."

Mwandu alibaki ameinama vile vile. Filimbi zilipolia mara ya tatu alinyooka, akafunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja mpaka shingoni, akatoka mbio kuwazuia wenzake.